Nilivyomlaza Shangazi Chali

Asubuhi hiyo niliondoka Nyamisangura bila mpango. Nilibeba mswaki, chaja na shati moja, nikapanda lori la kwanza ambalo dereva wake hakuniuliza ninakwenda wapi. Angeuliza, ningeshindwa kumjibu. Tulifika Nyakunguru, dereva akasimama kunywa chai, na simu yangu ikaita. Alikuwa binti wa shangazi yangu.

"Kaka, leo siku ya nne mama hataki kuinuka kitandani. Kesho anatakiwa akalazwe kwa upasuaji. Anasema wewe ndiye uliyemwambia alale chali, asitikisike."

Kweli nilimwambia. Shangazi ana saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, na tumbo lake lilikuwa limejaa maji. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, nilishinda siku nzima kwenye simu nikisoma jinsi watafiti wanavyochunguza ugonjwa huo unavyosambaa. Wanatengeneza kipande cha mpira kinachopitisha mwanga, kidogo kama kiberiti, chenye mifereji myembamba kama unywele. Ndani wanaotesha seli za utando wa tumbo, kisha wanapitisha maji yenye seli za saratani, polepole, wakitazama kwa hadubini zinanasa wapi. Nikaishia hapo. Nikampigia shangazi: ugonjwa unabebwa na maji, basi usiyatikise.

Pale Nyakunguru vijana walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu kwa maji juu ya kapeti, ili chembe zinase humo. Kazi hiyo niliifanya miezi mitatu na sikuwahi kujua kwa hakika dhahabu itanasa wapi. Lakini ndani ya tumbo la mtu, nilijua.

Alasiri bodaboda ilinishusha Manchira, kwa yule binti wa shangazi, nyumba ambayo sikuwahi kufika. Shangazi alikuwa amelala, amenyooka kama mtu anayepimwa suti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, daktari. Usiguse kitanda."

"Shangazi, nilikosea."

"Mura, kijana wangu, si ulisema ni watafiti?"

"Wao walikuwa wanachunguza kipande cha mpira. Hakina mapafu wala utumbo. Wewe ukipumua tu, maji yanatembea. Na hawakumwambia mtu yeyote alale."

Akanikazia macho. "Kwa hiyo siku nne najisaidia kwenye beseni kwa ajili ya mpira?"

"Ndiyo, shangazi."

Binti yake alitoka nje haraka. Sikujua kama anacheka au analia.

"Na ugonjwa ulionasa tumboni, wakinipasua wataumaliza?"

Nilikuwa na jibu, tena refu. Nikalimeza. "Sijui. Tutamuuliza daktari."

"Tangu uzaliwe sijakusikia ukisema hujui." Akaninyooshea mkono nimwinue. Akakaa, akahema, kisha akamwita binti yake amletee nguo za safari.

Mimi nilipewa stoo ya mahindi, mkeka, na onyo: nisimshauri yeyote, hata yule kuku aliyekuwa akiatamia pembeni, mpaka gari la kwenda hospitali lije.