Saa Tisa ya Kompyuta

Ulinzi wa bei zangu umenigharimu mama mkwe. Amebeba mkoba wake na kurudi kwao Bwejuu bila ya kuniaga.

Nauza viungo Darajani, na bei zangu naziweka kwenye kompyuta ya nyumbani, yenye mfumo wa Linux. Jirani yangu wa sokoni alipoanza kuuza chini yangu kila siku, iliniingia hofu kwamba nyumbani kuna anayezitoa bei nje. Nikaweka programu ya kulinda mafaili. Likifunguliwa au kubadilishwa moja, inaandika jina la faili hilo na saa.

Siku ya pili ikaandika: bei za karafuu zimebadilishwa, 9:10. Saa tisa na dakika kumi alasiri mimi niko dukani. Nyumbani yuko mama mkwe peke yake, anasikiliza kisomo cha Kurani kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kesho yake nikaisoma mara mbili, kisha nikamwita mama mkwe.

"Shikamoo mama. Jana saa tisa uligusa bei zangu?"

"Marahaba. Nnazijulia wapi bei zako, mwanangu? Mie hata iliki hunipi."

"Kompyuta haisemi uongo, mama."

Mke wangu akainamia kioo cha kompyuta. "Hii saa ya Kizungu. Tisa yao ni tatu yetu, asubuhi. Saa tatu nani alokuwa hapa na kikombe cha kahawa, anarekebisha bei za karafuu?"

Nilikuwa mimi. Mama mkwe alikuwa keshasimama, anatafuta mtandio wake.

Kesho nakwenda Bwejuu kuomba radhi. Nishaurini: nimpelekee halua, au ile iliki?