Aliyemfundisha Ridhwani Kupiga Kelele

Ridhwani alikatazwa kusema. Si kuimba tu, hata kunong'ona. Daktari aliyemtoa uvimbe kwenye nyuzi za sauti alimwambia waziwazi: kidonda kikifunga, mzee, utaimba tena, ukikilazimisha kikachanika, sauti ndiyo basi. Haya! Mwimbaji wa roki wa kwanza hapa Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, na nikitazama vijana wa leo naona pengine wa mwisho, akawa anaomba chumvi kwa kidole.

Mdomo wake akawa Nasiba, mkewe. Na Nasiba, tusidanganyane, ni mdomo kweli. Roki haijawahi kumlisha mtu wilayani kwetu Rusizi, kwa hiyo Ridhwani huchomelea milango ya chuma, na wateja wakija ni Nasiba aliyewajibu, hata maswali ambayo hawajauliza. Ridhwani alivumilia. Alikuwa na hofu moja tu, nayo ilimwamsha kila siku na mkono kooni: bila sauti ile, yeye ni mzee mwenye macho mekundu ya moto wa kuchomelea, hana kingine.

Ndipo Jolie akaja kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Ni binti wa Antoinette, yule mama aliyekuwa akituuzia sambaza zamani, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Hata kukaa hakukaa.

"Papa Ridhwani, Maman iko mubaya. Hatamaliza hii wiki. Amesikia batu ya radio batakuja kwako. Anasema kila mara bakikuuliza nani alikufundisha, unataja Bazungu. Mara moja tu, utaje jina yake. Radio yenu inafika mpaka kwetu Kadutu, atasikia."

Macho ya Ridhwani yalijaa machozi. Aliweka mkono kifuani, kisha akamwonyesha Nasiba: huyu atasema.

"Nimesikia," alisema Nasiba. Kusikia si kukubali, lakini Jolie hakumjua Nasiba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Siku za ujana wake Ridhwani alikuwa na kanda za Wazungu wenye nywele ndefu, akizisikiliza mpaka zikachakaa, na kila alipojaribu kuunguruma kama wao alimaliza wimbo mmoja akitema damu. Na kila alfajiri alimsikia Antoinette, amevuka daraja la mpakani la Rusizi ya Pili, beseni la sambaza kichwani, akipanda kilima chetu: "Sambazaaa! Sambaza ya Kivuuu!" Sauti ile iliingia nyumba zote, na mwenyewe hakukohoa hata mara moja.

Siku moja Ridhwani alimfuata akamwuliza anafanyaje. Antoinette alicheka mpaka akatua mzigo. Kisha akaomba beseni la maji kwa jirani, akamtwika kijana.

"Lalamika sasa. Piga kelele!"

Ridhwani akapiga kelele, maji yakamwagikia mabegani.

"Umeona? Unavuta shingo. Muntu wa beseni hana shingo, kijana. Sauti iko mu tumbo."

Msimu mzima wa mvua alimfuata nyuma, beseni la maji kichwani, wakipaza sauti wote wawili. Wazee wakitoka msikitini walisema astaghfirullahi, mtoto wa fundi bati amerogwa. Akalowa, akachekwa, mpaka asubuhi moja akaunguruma kwa nguvu zake zote na halikumwagika hata tone. Roki yetu ilizaliwa hapo. Nyundo ya baba yake ilimpa mdundo, adhana ilimpa pumzi ndefu, magitaa ya Kongo yalimpa utamu, na zile kanda zilimpa hasira. Lakini sauti yenyewe alipewa na muuza samaki.

Nasiba alikuwa mchumba wake wakati huo. Wasichana wenzake walimkejeli: "Mchumba wako amekuwa mkia wa mama sambaza!" Yakasemwa na mengine machafu zaidi, nayo hayakuwa kweli. Aliolewa naye kwa sharti moja, jina lile lisitajwe mbele yake. Tangu hapo sambaza hazikupikwa nyumbani kwake. Ndiyo maana Ridhwani akawa anataja Wazungu. Hao hawakuwa wa kumkasirisha mke yeyote Kamembe.

Mtangazaji, binti mmoja mchangamfu aitwaye Mugwaneza, alifika wiki hiyohiyo, asubuhi, na mitambo yake. Matangazo yalikwenda moja kwa moja, hakuna kurudia. Nasiba alikaa kwenye kipaza sauti, Ridhwani pembeni yake.

"Maman Nasiba, mzee alijifunza kwa nani?"

"Kwa Wazungu. Kanda za Wazungu."

Ridhwani alimvuta mkono wa nguo.

"Na baba yake, Mungu amrehemu, kwa nyundo."

Akamvuta tena.

"Mwingine?" aliuliza Mugwaneza.

"Hakuna mwingine."

Ridhwani alipiga meza kwa ngumi. "Mnasikia, wasikilizaji?" Mugwaneza alicheka. "Roki bado inamchemka mzee!"

Redio haioni kidole, haioni ngumi. Ridhwani alimwona Antoinette kitandani Kadutu, sikio kwenye redio, akingoja. Alimtazama mkewe, na Nasiba akaangalia ukuta. Basi akasimama, akakichukua kile kipaza sauti.

"Wewe! Koo lako!" Nasiba alipiga yowe.

Alinyoosha mgongo kama mwenye beseni kichwani. "Antoinette wa sambaza," alisema, "ndiye alinifundisha." Kisha akaitoa sauti kutoka tumboni: "Sambazaaa! Sambaza ya Kivuuu!" Nusu ya kwanza ilikuwa safi, ya kijana kabisa, majirani walitoka milangoni. Katikati kitu kikachanika. Alikaa chini na damu ikamchuruzika mpaka kwenye kanzu.

Simu ya Jolie iliingia kabla mitambo haijafungwa. "Batu bote bamesikia, Papa," alisema huku analia. "Tulifungua radio kwa nguvu. Lakini Maman ameenda na asubuhi mapema. Tulikuwa tunamuosha."

Daktari alimkagua koo. Sauti ilikuwa imekwisha.

Walivuka daraja kwenda matangani, mume na mke, hawakutazamana njia nzima. Kule kwa akina Antoinette, kila mgeni husimama akaeleza alikuwa nani kwa marehemu. Beseni lake la sambaza lilikuwa limefunikwa kando ya jeneza. Zamu ilipofika, Ridhwani alisimama, akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akajaribu tena. Watu waliinamisha vichwa kwa aibu yake.

Nasiba akasimama pale karibu naye. Alikaza khanga kiunoni.

"Mimi ni bibi yake," alisema. "Sasa ndimi mdomo wake. Anasema huyu Maman ndiye alimfundisha kuimba." Akalitazama beseni. "Anasema hivyo tangu zamani. Ni mimi nilimkataza."