Dada Yangu na Macho ya Msahihishaji

Dada yangu alipiga deki miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha kuchapa mitihani. Walimwajiri kwa sababu hajui kusoma, wakijua siri haiwezi kutoka kwake.

Siku moja msahihishaji wa makosa ya chapa alimaliza kuipitia karatasi, akaiweka pembeni. Dada akamwambia, "Baba, mstari wa tano hujamalizana nao." Kweli, kosa lilikuwapo! Badala ya kushukuru, wakamfukuza: kumbe mwanamke huyu anasoma, mwizi wa mitihani.

Mwizi! Nikahangaika siku mbili kuandika barua kwa herufi zangu za kuokoteza, tukampelekea meneja.

"Bibi, kama husomi, ulijuaje?" akauliza.

"Macho yake, mwanangu. Yanatembea, yanatua, yanatembea. Penye kosa yanarudi nyuma, kama mtu aliyeangusha sindano. Siku ile niliihesabu mistari kwa macho yake; kwenye wa tano yalirudi mara tatu, simu ikalia, akapasahau."

Meneja akacheka mpaka kiti kikalia. Akainua barua yangu mbele ya uso, akaitupa mezani. "Nimesoma. Haibadilishi kitu."

"Hujasoma," dada akasema. "Macho yako yalitua juu ya karatasi yakalala papo hapo."

Kicheko kikamkauka. Akaiokota barua, akaanza upya, na safari hii hata mimi niliyaona macho yakitembea. Yalipofika pale nilipoandika ile miaka ishirini na miwili, yakarudi nyuma.

Kazi akarudishiwa. Ile samahani yao tunaisubiri mpaka leo.