Nukta Nne za Chungu

Mwanaheri alikuwa na duka la steshenari Mwembesongo, na kwa kompyuta yake alichora mabango ya saluni, kadi za harusi na fulana za misiba. Wiki hiyo alipata kazi iliyomnyima raha. Wafinyanzi wa Mlali, kikundi alichokianzisha mama yake, Bi Maimuna, walitaka bango la barabarani lenye picha ya chungu, na kiwe cha Bi Maimuna, si kingine.

Vyungu vya mama vilikwisha kuuzwa au kuvunjika. Tangu kiharusi kilipoulegeza mkono wake wa kulia, hakufinyanga tena. Ilibaki picha moja ya chungu chake, nayo ilikuwa na ukungu. Bango likikosewa, hakuna kitakachobaki kuonyesha kazi ya mikono ile.

Kwenye kompyuta, juu ya picha hiyo, alipanga nukta kuufuata ukingo wa chungu, moja moja, mstari ukiziunganisha, zikafika thelathini na moja. Kisha akamwita mama yake atazame.

"Cha nani hiki?"

"Chako, mama."

"Changu? Mwanangu, hiki kimedonolewa na kuku!"

Mwanaheri alicheka, akaikuza picha. Kweli: kila penye nukta, mstari ulikuwa na kijinundu.

"Umekigusagusa," alisema Bi Maimuna. "Tumbo la chungu haliguswi hivyo. Unaweka mkono hapa chini, unakizunguka wewe mwenyewe, na mkono hauondoki mpaka umefika mdomoni. Umesahau? Si ulikuwa ukinifuata nyuma, unapata kizunguzungu, unaangukia udongo wangu?"

Hakuwa amesahau. Alizifuta nukta, akabakiza nne: mbili za mdomo, mbili za kitako. Kila nukta ilikuwa na kijiti pale kwenye skrini, ambacho ukikivuta kinaupinda mstari. Aliuchukua ule mkono uliolegea, akauweka juu ya wake uliokishika kipanya, wakavivuta vijiti pamoja, polepole. Mstari ulitoka nje, ukajaa, ukarudi ndani bila kukwama popote.

"Basi!" alisema Bi Maimuna. "Hapo hapo. Usiongeze kitu."

Mwanaheri hakuongeza. Aliuacha mkono wa mama ukae pale juu ya wake, mzito na wa vuguvugu, kwa muda ambao kazi haikuuhitaji.

"Ahsante, mama."

"Ya nini? Chapisha, bibi wee, wenzangu wanasubiri chungu chao."