Mstari nilioruka kwenye karatasi ya gari

Ndugu zangu, nawasihi, maneno haya yasitoke kwenu. Mkimaliza kusoma, chomeni.

Leo Tata Kalenga, mwashi wa mtaa wa Kenya hapa mjini, amepinduka na gari tulilomuuzia juzi.

Ni gari dogo, lakini fundi wa garaji yetu alilitia injini ya lori. Breki aliacha zile za zamani.

Tata hajui Kifaransa. Siku ya kununua alinipa mimi, karani wa garaji, karatasi ya gari iliyoandikwa Kifaransa: "Mwana, unisomee yote. Iko na nguvu kweli?"

"Iko na nguvu, Tata."

Mstari wa mwisho ulisema breki hazikubadilishwa, na hatari ni ya mnunuzi.

Bwana mwenye garaji alikuwa amesimama nyuma yangu.

Niliuruka.

Leo, kwenye mteremko wa njia ya Kipushi, breki zilishindwa. Mkewe, Mama Kalenga, alikufa palepale.

Nilikwenda hospitali nikingoja matusi. Tata alinishika mkono.

"Mwana, banasema ni mimi njo nilikosa kuendesha. Kesho polisi banakuya. Ubasomee ile karatasi, baone gari ilikuwa muzuri."

Nimekubali.

Nisome yote? Kazi itakwisha, labda na jela.

Nishaurini. Garaji msije, na msiandike; bwana hufungua barua zetu. Kesho, kabla ya polisi, nitakuwa misa ya kwanza, benchi la mwisho, upande wa wanaume.