Saa Iliyomnyima Marnix Viazi

Mume wangu Marnix aliezeka mapaa ya vigae maisha yake yote ya kazi, na hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia kitu akasikia. Alipostaafu akaanza kuitii saa ya mkononi, ile inayohesabu kalori.

Moyo ulikuwa umemsumbua. Daktari akampa vidonge vya kupunguza mapigo, akamruhusu aendelee na baiskeli, ila ale kulingana na nguvu anazotumia. Basi kila Jumapili akirudi na wenzake wa klabu kutoka vilima vya Oudenaarde, huku kwetu Ubelgiji, alisimama mezani na viatu vyake vya baiskeli akaisoma saa.

"Kalori mia nne. Nusu sahani, Lutgart."

"Umepanda mlima wa Koppenberg na upepo usoni, halafu ule chakula cha mtoto?"

"Saa imesema."

Akakonda. Suruali zikaning'inia, mashavu yakaingia ndani. Vipimo vya hospitali havikuonyesha kitu. Daktari akasema akipungua tena, baiskeli itundikwe. Marnix alihofia kuikosa baiskeli. Mimi nilijua ananifia mbele ya macho, na hofu yangu ilitoka kama ukali. Nilimgombeza hata akikohoa.

Jumapili moja Wilfried, rafiki yake wa klabu, alimwazima pedali zake mpya akamfungia, zile zinazopima msukumo wa mguu wenyewe. Walirudi hadi jikoni kwangu wakibishana. Saa ilisema mia nne ileile. Pedali zilisema elfu moja na mia mbili.

"Saa yako inakisia kwa mapigo ya moyo," Wilfried akamwambia, "na moyo wako vidonge vimeufunga breki. We unapanda mlima, yenyewe inadhani umelala kwenye kochi."

Marnix aliikodolea macho ile namba. "Kwa hiyo sina ugonjwa mwingine?"

"Una njaa, bwana wee!"

Akaivua saa, akaketi. Nikampakulia nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia, na viazi vya kukaanga. Akamaliza, nikaongeza. Nikageukia jiko kukaanga viazi vya sahani ya tatu, machozi yakinitoka.

"Unalia nini sasa?" akauliza, mdomo umejaa. "Viazi vinaungua."

"Nilishachagua picha ya kadi ya mazishi yako, mjinga wewe!"

Akatafuna, akameza.

"Ipi?"

"Ile ya harusi ya binti yetu Annelies."

"Pale nilikuwa na mwili," akasema, akanisogezea sahani tupu.