Shauri la Kukusanyika Matutani Bila Ruhusa

“Shauri la kukusanyika bila ruhusa katika matuta ya vitunguu.” Ndivyo ilivyosomeka karatasi aliyotuletea juzi karani wa boma la Wadachi, hapa Rumonge, akiwa na askari wawili.

Waliokusanyika tulikuwa saba, wakulima wa vitunguu tunaopeana ushauri. Mimi nilijiunga mwezi uliopita, baada ya vitunguu vyangu kuoza mfululizo, nikapewa sharti moja: anayetaka ushauri huinama kwanza, akapalilia tuta la mwenzake, ndipo ajibiwe.

Karani alisimama njiani, viatu vinang'aa.

“Mukubwa wenu iko nani? Nipeni majina, ama askari watang'oa miche yote!”

Miche ile ndiyo ilikuwa mboga yetu ya msimu mzima. Mama aliyetugawia sote kutoka kitalu chake hakuinua hata kichwa.

“Bwana karani, hapa mutu anayesimama hajibiwi. Inama, palilia, kisha uulize.”

“Mimi niiname? Mimi mutu wa serikali!”

“Basi magugu ya serikali yale pale,” mama akasema, akamsukumia jembe kwa mguu.

Sisi wengine tulizidi kuinama. Karani akatazama jembe, akatazama viatu vyake, akakunja karatasi.

Serikali hii imevuka bahari na milima kuja kututawala, na sasa naona safari yote ile ilikuwa nyepesi kuliko kukunja kiuno.

Askari waling'oa miche ya matuta mawili. Majina hawakuyapata, na jioni ile tukapanda upya.